Suruali ya Kupandia Mnara

Mke wangu aliniomba nimshonee suruali, nikakataa.

Nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya duka moja pale Kehancha, mahali nilipokuwa nimepanga nafasi ya cherehani yangu. Miaka ya tisini ilikuwa bado michanga. Mikononi nilikuwa na shati la mkulima wa tumbaku, namgeuzia kola, ule upande uliochakaa uingie ndani na ule mzima utoke nje. Mke wangu alikuwa akitoka kwenye mkutano wa kikundi chao cha akina mama, uso unang'aa kama aliyetoka kupaka mafuta.

"Baba watoto, nataka unishonee suruali."

"Ya nani?"

"Yangu mimi."

Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki.

Kikundi chao kilikuwa kimeahidiwa pampu ya upepo. Kisima chao kilikuwa kwenye mteremko chini ya shule, na kwa miaka mingi wanawake walikuwa wakivuta maji kwa kamba mpaka viganja vyao vikawa vigumu kama nyayo. Watu wa kanisa moja lenye mradi wa maji kule Homa Bay walikuja, wakapanda kilima chetu, wakasimama wakisikiliza upepo kama wanaomsikiliza mtu, wakasema hapa mashine itazunguka. Ila walitoa sharti. Haitasimamishwa mashine yoyote mpaka kikundi kitoe wanawake wawili wafundishwe kuitunza: kupanda juu, kutia grisi, kukaza nati, kubadilisha ngozi za pampu. Wanaume hawakuwataka. Mwanamume, walisema, ukimfundisha leo, kesho amehamia Nairobi na ujuzi wake.

Kikundi kilimchagua jirani yetu mmoja, mama mjane, na kikamchagua mke wangu. Mafunzo yalikuwa hukohuko Homa Bay, kwenye shamba la kanisa kando ya ziwa lenye mashine kadhaa za namna hiyo. Watu wa huko waliliita shamba la upepo.

"Mnara hauwezi kupandwa na sketi," alisema. "Watu watakuwa wamesimama chini."

"Basi usipande."

"Baba watoto."

"Nikikushonea suruali, hapa sokoni watasema nini? Watasema fundi cherehani amemvalisha mkewe suruali, je, yeye siku hizi anavaa nini?"

Hakubishana. Alichukua kikapu chake akaenda. Ndivyo alivyokuwa, ukimnyima kitu alikuwa haombi mara ya pili, na mimi siku zote niliona heri angeomba. Wiki iliyofuata aliwaacha watoto kwa mama yangu, akafunga sketi mbili na blanketi, akaondoka na yule mjane.

Lazima niseme hapa kwamba mke wangu ni Mjaluo, mtoto wa ziwa, na mimi ni Mkuria. Tulikutana Migori, alipokuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, pamoja na shangazi yake, na tangu siku ile ya kwanza tulizungumza Kiswahili, kwa sababu Kikuria chake kilikuwa cha salamu tu na Kijaluo changu kilikuwa cha kununua samaki. Miaka ilivyokwenda yeye alikijua Kikuria vizuri kabisa, hata akaanza kugombana na mama yangu bila mkalimani. Mimi na Kijaluo changu tulibaki sokoni. Kwa hiyo alipokwenda Homa Bay nilijua alikuwa amekwenda mahali ambapo angecheka vichekesho ambavyo nyumbani kwangu hakuna wa kumchekea. Hilo lilinikaa moyoni kabla hata sijasikia habari ya fundi wa pampu.

Habari ya fundi ililetwa na yule mjane. Alirudi kabla ya mafunzo kwisha, maana mtoto wake alishikwa na homa, na alipopita sokoni alisimama kwenye baraza yangu kunisalimu. Alikuwa mama mwema asiye na fitina. Laiti angekuwa na fitina, ningeweza kukataa kumwamini.

"Mke wako anapanda kama tumbili," alisema kwa furaha. "Mimi nilifika katikati ya ngazi nikaomba kushuka. Yeye anafika juu anakaa kabisa, miguu inaning'inia."

"Na sketi?"

"Sketi gani, bwana! Fundi amemwazima suruali yake."

Mguu wangu ulisimama kwenye kanyagio la cherehani.

"Suruali ya nani?"

"Ya fundi, yule mwalimu wetu. Ana mbili, moja akampa mama watoto. Inamtosha vizuri, anaikunja tu huku chini."

"Huyo fundi ni mtu wa wapi?"

"Wa Pwani. Mwislamu, mtu wa heshima." Akashusha kikapu chini ili aweze kueleza kwa mikono. "Na hicho Kiswahili chake! Kitamu mpaka unatamani akukosee jambo, ndipo akuombe radhi."

Alipoondoka nilibaki nimeshika kitambaa sijui ni mkono wa shati au ni mgongo. Mimi ni fundi cherehani. Nusu ya wanaume wa tarafa ile walikuwa wamevaa suruali zangu. Na mke wangu, juu ya mnara, mbele ya watu, kwao, alikuwa ndani ya suruali ya mwanamume mwingine, tena inamtosha vizuri. Nilijaribu kukumbuka Kiswahili changu mimi kilikuwaje alipokuja kunisikia mara ya kwanza pale Migori. Sikukumbuka kama kulikuwa na utamu wowote. Nadhani nilimuuliza omena ni bei gani.

Nilikuwa na kipande cha khaki nzito nilichokiweka kwa ajili ya suruali yangu mwenyewe. Nilikitandaza juu ya meza nikachukua chaki. Sikuhitaji vipimo. Mwili wa mke wangu naujua, nilijiambia, huyo fundi wa Pwani akate nguo ya mwanamke kwa kukisia tuone. Nilikata, nikaunga, nikashona mishono miwili kila upande, nikatia mifuko minne, mmoja wa spana. Kabla jua halijatua ilikuwa tayari, imepigwa pasi, na hata leo nikiikumbuka najua ilikuwa kazi safi. Wateja waliokuja mchana ule niliwaambia warudi kesho kutwa.

Asubuhi nilipata nafasi kwenye lori la mfanyabiashara wa Isebania lililokuwa likipeleka mahindi Homa Bay. Dereva alinijua. Aliniuliza nimebeba nini kwenye ile karatasi, nikamwambia nguo ya mteja.

Shamba la upepo uliliona kabla hujalifikia. Barabara iliteremka kuelekea ziwani, upande mmoja ile milima yao iliyochongoka, upande wa pili maji meupe kama bati jipya, na katikati, juu ya uwanda wa miiba na majani makavu, ile minara ya chuma imesimama. Kila mmoja ulikuwa na gurudumu kubwa la mabawa ya mabati kichwani na mkia nyuma, na mkia ndio ulioligeuza gurudumu litazame upepo. Magurudumu yalizunguka karibu yote kwa pamoja. Nilikuwa nimetarajia kitu kama kinu cha posho, chenye kelele na moshi, lakini sauti yake ilikuwa ndogo, mlio wa chuma kupanda na kushuka, tak, tak, na maji yakitemwa ndani ya tangi. Chini kulikuwa na vitalu vya sukuma wiki na miche ya miti, kijani kibichi mahali ambapo pande zote nyasi zilikuwa zimekauka. Nilikasirika kuona kwamba ni pazuri.

Mnara mmoja ulikuwa umefungwa, mabawa yametulia. Juu yake alikuwa mke wangu.

Nilimjua kwa jinsi alivyoinamisha kichwa, namna anavyokiinamisha akichambua mchele. Alikuwa amekaa kwenye ubao mwembamba kando ya gurudumu, mshipi umemzunguka kiunoni na kufungwa kwenye chuma, spana mkononi. Suruali ilikuwa ya buluu. Hatua chache chini yake, kwenye ngazi, alisimama mwanamume mrefu, mnene kidogo, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono iliyofifia, uso wake ukiwa sawasawa na visigino vya mke wangu. Alikuwa akimwambia kitu. Mke wangu akacheka, kicheko kikaja mpaka chini kikiwa kimevunjwavunjwa na upepo.

"Mama watoto!" niliita.

Alitazama huku na huku, kisha akaniona. Nilikuwa nimejiandaa kwa uso wa mtu aliyefumaniwa. Alipunga ile spana.

"Baba watoto! Watoto wazima?"

"Wazima! Shuka!"

"Ngoja nimalize!"

Nikangoja, na karatasi yangu kwapani, katikati ya watu wa shamba waliokuwa wakimwagilia miche na kunitazama. Alimaliza kukaza alichokuwa akikaza. Alijaribu kwa mkono, akakaza tena. Katika miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa sijawahi kumngoja amalize kazi. Yeye ndiye aliyeningoja mimi.

Aliposhuka alikuwa na grisi shavuni. Yule fundi alitangulia kuja kunipa mkono, akaufuta kwanza kwenye nguo yake.

"Karibu sana, shemeji. Pole na safari. Tumesikia habari zako mpaka tumekuzoea kabla ya kukuona."

Kiswahili kilikuwa vile kilivyosimuliwa. Nilitafuta cha kumjibu, nikapata, "Shemeji kutoka wapi?"

"Huyu si dada yetu?" akasema, bila kuumizwa. "Basi wewe ni shemeji, huna pa kukimbilia."

Watu walicheka. Nami nikacheka, kwa sababu mtu akikufanya shemeji mbele ya watu utafanyaje? Lakini ndani niliona amenipokonya hata haki ya kumchukia.

"Nimekuletea suruali," nilimwambia mke wangu.

Alinitazama kwanza mimi, kisha karatasi. Aliipokea kwa mikono miwili, jinsi kwao wanavyopokea kitu cha maana, akaingia kwenye stoo ya vifaa kuivaa. Mpishi wa shamba, mama mmoja mnene aliyekuwa akipara samaki karibu na tangi, alisogeza kigoda ili aone vizuri mlango wa stoo. Tulingoja. Mke wangu alichukua muda. Mlango ulipofunguka alikuwa bado amevaa ile ya buluu, na khaki yangu iko mkononi.

"Imekataa," alisema taratibu.

"Imekataa wapi?"

Akaonyesha mapajani, akapandisha mkono hadi kiunoni. "Hapa. Na hapa."

Mpishi alisema kitu kwa Kijaluo na watu wote wakaangua kicheko, mke wangu akiwa wa kwanza. Hata fundi alitabasamu. Yeye mtu wa Pwani alikuwa ameelewa, na mimi ninayelala nyumba moja na Mjaluo nimesimama kama mti.

"Amesema nini?"

"Anauliza," mke wangu alisema akijifuta macho, "huyo msichana uliyemshonea anakaa wapi."

Nilichukua ile suruali nikaitazama. Ilikuwa imekatwa vizuri sana kwa msichana niliyemuona Migori, yule wa omena. Nilikuwa nimemshonea mwili ambao ulikuwapo kabla ya watoto watatu, kabla ya ndoo zote zile za maji kutoka bondeni. Wanawake wa Kehancha nzima nilikuwa nikiwapima kila wiki kwa tepu yangu, najua nani ameongezeka na nani amepungua, na mke wangu mwenyewe sikuwahi kumpima tangu gauni la harusi. Yule fundi hakumpima pia. Alikuwa amemtazama tu mtu aliye mbele yake, akaona suruali yake inaweza kumtosha. Hilo ndilo lililonichoma kuliko kicheko.

Tepu ilikuwa mfukoni, huwa haitoki. "Simama hapa," nilimwambia.

Nilimpima palepale, mbele ya vitalu na mbele ya watu. Kiuno, nyonga, paja, urefu wa mguu. Alisimama akiwa ameinua mikono kidogo. Nilikuwa nikijifanya ni kazi, lakini vidole vyangu vilikuwa vikishangaa, na nadhani alijua, maana aliniambia kwa sauti ya chini, "Wewe pia una tumbo siku hizi."

Nilihitaji kitambaa cha kuongeza pembeni na sikuwa nacho. Fundi aliingia stoo akatoka na kipande cha turubai la kijani, kigumu, kizuri. "Kitafaa, shemeji?" Ningependa kusema hakifai. Nilisema ahsante.

Basi nilikaa kwenye kivuli cha tangi na wembe na sindano, nikafumua ile mishono yangu miwili miwili niliyoiringia, nikaanza kushona kwa mkono. Wao walirudi kwenye mnara. Kila nilipoinua macho kuvuta uzi nilimwona akipanda, mguu, mkono, mguu, mkono, hana haraka, na kila niliposhusha macho nilisikia sauti ya fundi ikimwelekeza na sauti yake ikijibu. Walizungumza habari za nati na bolti. Nilisikiliza kila neno kwa makini nikitafuta kitu ndani yake, na kilichokuwemo ni nati na bolti tu. Hilo halikunituliza. Mimi na yeye tulikuwa na muda gani hatujazungumza hivyo, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, juu ya kitu ambacho wote wawili wanakitazama?

Nilipomaliza aliivaa, na ilimtosha. Alichuchumaa, akainuka, akatia spana kwenye mfuko wake. Ile ya buluu aliikunja vizuri akamrudishia mwenyewe. Nilitazama mikono yao wakati wa kupeana na sikuona kitu.

"Nami nataka kupanda," nilisema.

Fundi hakucheka. Aliangalia viatu vyangu. "Upepo umezidi kidogo mchana huu, shemeji, lakini mnara tumeufunga. Panda, ila hapandi mtu bila mshipi."

Mke wangu ndiye aliyenifunga mshipi. Aliuvuta kwa nguvu mpaka nikakohoa, akaukagua tena pale unapoungana, kwa uso wa mtu asiyenijua. Kisha akatangulia, nami nikafuata.

Kutoka chini ule mnara ulionekana mfupi. Nilipofika usawa wa tangi nilikuwa bado mwanamume anayekwenda kumwonyesha mtu jambo. Juu ya hapo chuma kilianza kutetemeka mikononi mwangu, mtetemo mdogo, kama wa ng'ombe anayefukuza inzi kwa ngozi yake. Upepo uliokuwa ukinipoza nikiwa chini sasa ulinisukuma kifuani. Nilitazama visigino vya mke wangu, na nikagundua kwamba niko mahali palepale nilipomwona fundi asubuhi, na kwamba kutoka mahali hapa mtu hawezi kuwaza lolote isipokuwa hatua inayofuata. Nilimhurumia kidogo. Kisha nikamkasirikia tena kwa kunifanya nimhurumie.

Juu alinishika mkono akanikalisha kwenye ubao, akafunga mshipi wangu kwenye chuma. Gurudumu lilikuwa kando yetu, kubwa kuliko nilivyodhani, mabawa yake yakilia polepole kama mabati ya nyumba mchana wa jua.

"Usitazame chini. Tazama kule."

Nilitazama. Ziwa lilikuwa limejaa upande wote, na visiwa ndani yake, na mvua ya mtu mwingine ikinyesha mbali sana upande wa pili huku kwetu kukiwa na jua. Mji wa Homa Bay ulikuwa mabati machache yanayometa. Wale watu wa shamba walikuwa vichwa tu. Mpishi alikuwa kitambaa chekundu.

"Kijiji chetu kiko wapi?" nilimuuliza.

"Kule." Akaonyesha kilima kilichofichwa na kilima kingine, na kingine tena. "Ila hakionekani."

Nilimgeukia nimwambie niliyokuwa nimeyapanga tangu kwenye lori, kwamba mafunzo yatosha, twende nyumbani. Nikamwona uso. Hakuwa akinitazama. Upepo ulikuwa umemtoa kitambaa kichwani nusu, na grisi ilikuwa imekauka shavuni, na alikuwa na uso niliomkuta nao pale Migori akiwa nyuma ya lundo la omena, uso wa mtu anayejitosha. Nilikuwa nimeuoa uso ule. Sikumbuki ulipotea lini nyumbani kwangu, kwa kuwa haukupotea kwa siku moja. Na sasa huu hapa, hakuna aliyeuita, wala fundi hakuuita. Fundi alikuwa chini akikung'uta mchanga kwenye kiatu.

"Unajua ninachopenda huku juu?" alisema. "Hakuna mtu wa kuniita."

"Hata mimi?"

Alifikiri. Ningetoa chochote asingefikiri.

"Hata wewe," alisema, bila ubaya wowote.

Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba wivu huisha ukiujua ukweli. Wangu ndipo ulipopata makao. Mwanamume mwingine unaweza kumtukana, unaweza kumfuata, unaweza kumrudishia suruali yake. Ubao wa mti juu ya mnara utaufanya nini? Nilikaa pale nimefungwa kwa mshipi nikiuonea wivu ubao ule, na upepo, na yeye mwenyewe zaidi, kwa sababu alikuwa na mahali na mimi sikuwa napo. Mimi hata kwenye cherehani yangu naitwa kutwa.

Kushuka kulinishinda. Katikati ya ngazi mikono ilikataa kuachia chuma. Mke wangu, aliyekuwa juu yangu, alianza kusema kwa sauti ileile anayotumia mtoto akiamka na homa: "Mguu wa kushoto. Shusha. Siyo huo, huo mwingine. Vizuri. Sasa mkono." Watu wa shamba walikuwa wamesimama wakitazama. Fundi aliwaambia kitu, wakarudi kwenye mabomba yao, naye akatupa mgongo, akainama akijifanya anatafuta kitu kwenye sanduku la vifaa mpaka nilipokanyaga ardhi. Ilikuwa heshima kubwa sana. Sijui kama nimewahi kumsamehe.

Tulikula samaki na ugali pamoja, watu wote kwenye mkeka mmoja, kisha dereva wa lori akapiga honi barabarani. Mke wangu alinisindikiza hadi kwenye lango akiwa ndani ya khaki yangu yenye mbavu za kijani.

"Umekuja kunichunga," alisema.

"Nimekuja kukuletea suruali."

"Na kunichunga."

"Na kukuchunga."

"Haya. Nisalimie watoto." Akageuka, na kabla sijapanda lori alikuwa tayari ameshika ngazi.

Mashine yetu ilisimamishwa baada ya mavuno ya mahindi. Fundi alikuja nayo, akakaa kwetu siku zile, akala kwangu, akasali kwenye kivuli cha nyumba yangu, akawafundisha watoto wangu kusema "shikamoo" kwa namna iliyomfurahisha mama yangu mpaka akamchinjia jogoo. Kisha akaenda zake, na sikumwona tena. Siku maji yalipopanda kutoka kisimani kwa mara ya kwanza bila mkono wa mtu, wanawake walipiga vigelegele na wazee wengine wakaonja kwanza kwa vidole. Mama yangu, ambaye kwa wiki nzima alikuwa amesema mwanamke wa suruali ataleta ukame, alikuwa wa tatu kujaza ndoo.

Sokoni waliniita mume wa suruali. Iliuma, kisha ikawa jina tu. Kilichoendelea kuuma ni asubuhi za kupanda. Mke wangu alikuwa akipanda mnara mara kwa mara kutia grisi, na mimi nilijizoeza kwenda naye, nikishika ule mkono wa chuma chini unaolifunga gurudumu. Ningeweza kusema nilikwenda kumsaidia. Kazi yake juu ilikuwa fupi, lakini hakuwa akishuka ikiisha. Alikaa. Nami nilisimama chini nimeshika chuma, nikimtazama akitazama upande wa Tanzania, nikijizuia nisimwite. Siku nyingine nilimwita. Nilitafuta sababu, mtoto analia, mgeni amekuja, naye alishuka mara moja, bila kununa, na nilipomwona anashuka nilijuta na nikafurahi kwa pamoja.

Mwaka wa tatu alipata mimba ya mtoto wetu wa mwisho. Akina mama wa kikundi walikaa, wakasema sasa asipande mpaka ajifungue na mtoto aache kunyonya. Walimchagua msichana aliyeolewa juzi kwa jirani, mwepesi, asiyeogopa kitu. Mke wangu alimfundisha mwenyewe. Alimfundisha vizuri, nilikuwapo, hakumficha hata kitu kimoja. Hata ile suruali alimpa, nami niliipunguza kiunoni.

Siku msichana yule alipopanda peke yake mara ya kwanza, mimi na mke wangu tulikuwa chini, mimi nimeshika mkono wa chuma, yeye ameweka viganja viwili mgongoni jinsi wanavyosimama wenye mimba. Msichana alifika juu, akajifunga mshipi, akatia grisi. Halafu akakaa kwenye ubao. Tulimwona akivua kitambaa kichwani.

"Mama!" aliita kwa furaha. "Kumbe huku kuko hivi!"

Mke wangu aliinua kiganja kuzuia jua. "Hajakaza ile ya mkia," alisema baadaye. "Ameiacha."

"Ameikaza. Nimemwona."

"Hajakaza vizuri."

Niliitambua sauti ile, kwa kuwa nilikuwa nimekaa nayo kifuani kwa muda mrefu. Sikutabasamu, wala sikumwambia kwamba namwelewa, angenitazama vibaya. Nilimsogezea jiwe la kukalia akakataa. Baada ya kitambo akalikalia.

"Kwa nini hashuki?" aliniuliza, macho yakiwa juu.

"Mwite," nilisema.

Alifungua mdomo. Kisha akaufunga, na tukaendelea kumngoja.